Korodani imevimba baada ya kushuka Mweka: si kila uvimbe ni ngiri

BARUA

Dokta, shikamoo. Nina miaka 28, naishi Pasua hapa Moshi, na kazi yangu ni upagazi wa mlimani. Jumamosi tumeshuka kutoka safari ya siku 7 kwa njia ya Machame. Siku ile ya mwisho, tukiteremka kwenda geti la Mweka, nilianza kusikia kitu kinavuta kwenye korodani ya kulia. Nikasema ni uchovu wa mzigo. Jioni nyumbani nikashika nikakuta pamevimba kidogo kwa nyuma. Jumapili uvimbe ukazidi. Leo Jumanne korodani yote ya kulia imekuwa kama embe dogo, ngozi inawaka moto, na natembea miguu nimeitanua kama mtoto aliyetoka jando juzi. Usiku napata homa na kutetemeka. Maumivu yanapanda mpaka kinenani.

Kaka yangu anasema ni ngiri imeshuka kwa sababu ya kubeba, ananikanda kwa maji ya moto. Amenitafutia na mizizi ya kuchemsha. Duka la dawa walinipa amoksilini 10, nimemeza 6, sijaona kitu.

Sitaki kukuficha. Wiki 3 zilizopita nilikuwa Arusha mjini nikalala na mwanamke mwingine, hatukutumia kondomu. Kabla ya safari mkojo ulikuwa unachoma, na asubuhi naona tone kama usaha kwenye chupi. Nikadhani ni kutokunywa maji. Mke wangu ana mimba ya miezi 5. Maswali yangu: je, ni ngiri ya mzigo? Kuna sindano kali itakayoniwezesha kupanda Jumatatu, maana nimeshaandikwa kwenye kundi? Je, nitakuwa tasa? Na kama ni ugonjwa wa zinaa, naweza kumwekea mke wangu dawa kwenye uji bila yeye kujua, ili nisivunje nyumba?

Mpagazi, Pasua

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Ahsante kwa kuandika yote bila kuficha, maana lile la Arusha na lile tone la asubuhi ndiyo yanayotuonyesha njia. Kwanza kabisa: nenda hospitali leo. Kutoka Pasua hadi Mawenzi ni mwendo mfupi wa bajaji, na KCMC nayo haiko mbali. Una uvimbe wa siku 4, homa na kutetemeka, na hiyo si hali ya kusubiri jibu la gazeti. Yanayofuata utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Korodani inapouma, swali la kwanza kabla ya yote ni hili: maumivu yalikuja kwa kasi gani? Tunalianza hilo kwa sababu barua hii itasomwa pia na mama mwenye kijana wa miaka 14, na kwake saa moja ina thamani kubwa. Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu. Kamba hiyo inaweza kujisokota, kama ndoo inavyojizungusha kwenye kamba ya kisima, damu ikakatika na korodani ikaanza kufa. Hupata zaidi vijana wa miaka 12 hadi 18, ingawa mtu mzima naye hajaepuka. Maumivu huja ghafla na kwa ukali, mara nyingi yakimwamsha usingizini. Hufuatana na kichefuchefu au kutapika. Korodani hupanda juu kuliko mwenzake au hulala kwa upana. Homa na kuchoma mkojo kwa kawaida havipo. Wavulana wengi huona aibu, husema tumbo linauma, nao hupewa dawa ya minyoo. Mtoto wa kiume anayelia tumbo la chini na kutapika lazima aangaliwe korodani, hata akikataa.

Hapo muda ni wa saa 6. Maumivu yakianza saa mbili usiku, mwisho wake ni saa nane usiku ileile. Wakifunguliwa kwa upasuaji ndani ya muda huo, zaidi ya 9 katika kila 10 huokoa korodani. Baada ya saa 24 zinazopona ni chache sana. Kwa hiyo usiku huohuo apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji: Mawenzi au KCMC kwa walioko Moshi, Mount Meru kwa walioko Arusha mjini, Sakina au Kijenge. Asile wala asinywe njiani, kwa sababu huenda akalazwa usingizi wa upasuaji. Na ikitokea maumivu yamekata yenyewe ghafla, bado apelekwe. Kamba iliyojisokota ikajifungua itajisokota tena. Daktari hushona korodani zote mbili zisizunguke, maana umbo linaloruhusu mzunguko huo mara nyingi liko pande zote.

Wewe hukuanza hivyo. Yako ilikuja polepole, ikaanzia nyuma ya korodani, ikaongezeka kwa siku mbili tatu, ikiwa imetanguliwa na mkojo kuchoma na usaha. Picha hiyo inaelekea sana epididimaitisi, yaani uvimbe wa epididimisi. Tunasema inaelekea, kwa kuwa ni mkono wa daktari na vipimo vitakavyothibitisha. Kujisokota kwa korodani kumewahi kuja kwa upole na kuwadanganya wengi.

Epididimisi ni mrija mwembamba mno, uliokunjwakunjwa na kulala nyuma ya korodani kama kishungi. Ukiunyoosha wote unafika kama mita 6. Mbegu za kiume zikitoka kwenye korodani hazijui bado kuogelea. Hupita humo taratibu zikikomaa, kisha huendelea kwenye mrija mwingine unaopanda kinenani, unazunguka nyuma ya kibofu na kuungana na njia ya mkojo karibu na tezi dume. Shika hilo, kwa sababu wadudu hupita barabara ileile wakitokea upande wa pili. Wanaingia kwenye njia ya mkojo, mkojo unachoma, usaha unatoka. Wakiachwa wanapanda mrija kinyumenyume hadi kwenye epididimisi. Ndiyo maana uvimbe wako ulianzia nyuma na maumivu yanafuata mstari wa kinena. Kufikia siku ya tatu au ya nne korodani yenyewe huwa imeshaingia, na huwezi tena kutofautisha kwa kidole kipi ni kipi.

Kwa mwanamume aliye chini ya miaka 35 na anayefanya ngono, wadudu wanaoongoza ni wa klamidia na kisonono, na mara nyingi huja wote wawili. Kisonono huanza kujionyesha kati ya siku 2 na 7, klamidia wiki 1 hadi 3. Hesabu za barua yako zinakaa humo. Mzigo je? Kilo 20 za mgongoni hazizai mdudu. Lipo jambo moja dogo ambalo wataalamu hulieleza: mtu akijikaza kwa kitu kizito kibofu kikiwa kimejaa, mkojo unaweza kusukumwa kurudi nyuma kwenye mrija wa mbegu na kuuchokoza. Kwa hiyo wapagazi wenzako na wabebaji wa viazi pale Kiboriloni wakojoe kabla ya kunyanyua mzigo, ni tabia nzuri. Ila kwako, tone la usaha lilikuwepo kabla hujafika getini.

Sasa hilo jina la ngiri. Huku kwetu neno hilo limebeba mambo mengi mno, na kila aliyeumwa kuanzia kitovuni kwenda chini ana ngiri. Ngiri yenyewe ni utumbo uliopenya kwenye ukuta wa tumbo: uvimbe wa kinenani unaotokea ukisimama au ukikohoa, unaorudi ukilala, na wakati mwingine unashuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Hauna homa wala usaha. Ukigoma kurudi, ukawa mgumu, unauma na mtu anatapika, ni upasuaji wa siku hiyohiyo. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, hukua kwa miezi bila maumivu. Haya mawili na epididimaitisi na kujisokota ni magonjwa manne yenye dawa nne tofauti. Mizizi inayopewa jina la ngiri hutolewa kwa yote bila mtu kushikwa wala kupimwa mkojo. Hasara yake kubwa ni siku zinazopotea ukisubiri ifanye kazi. Weka hiyo sufuria pembeni.

Mwambie kaka yako, kwa heshima, aache pia kukanda. Joto huongeza damu mahali palipovimba, na kuminyaminya kiungo chenye usaha kunakuongezea maumivu bure.

Kuhusu amoksilini: mdudu wa klamidia huishi ndani ya seli za mwili, na dawa hii si ya kumtegemea kwa ugonjwa huu. Mdudu wa kisonono naye amezoea dawa za jamii ya penisilini miaka mingi. Siprofloksasini, ambayo ndiyo ya pili kutolewa dirishani, nayo kisonono kimeishinda sehemu nyingi. Ulichofanya kwa vidonge 6 ni kuvuruga kipimo cha kuotesha wadudu. Chukua hilo karatasi la dawa ulilobakiwa nalo uende nalo, mwonyeshe daktari umemeza nini na lini.

Ukifika, usiseme tu "naumwa tumbo la chini" halafu ukangoja daktari aotee. Sema hivi: korodani ya kulia imevimba siku 4, ilianza polepole, nina homa, mkojo unachoma na usaha unatoka, nilifanya ngono bila kondomu wiki 3 zilizopita, nimemeza amoksilini 6, mke wangu ni mjamzito. Taja pia kama sindano au kidonge chochote kimewahi kukupa vipele, kuvimba midomo au kukosa pumzi. Hayo ni maneno ya nusu dakika na yanaokoa saa nzima. Kama aliye zamu ni dada na unaona haya, omba mhudumu wa kiume. Ni ombi la kawaida, hakuna atakayekucheka.

Atakushika korodani zote mbili, atapapasa kinena ukikohoa, pengine atabonyeza tumbo. Kwenye mkojo kuna jambo ambalo wengi huharibu bila kujua. Kipimo cha klamidia na kisonono kinataka mkojo wa mwanzo kabisa, ule unaoosha njia, na uwe hujakojoa kwa angalau saa 1, ikiwezekana 2. Kipimo cha maambukizi ya kibofu na cha kuotesha wadudu kinataka mkojo wa katikati: mwaga wa kwanza, kinga unaofuata. Ukiambiwa vyote viwili, utahitaji vikombe viwili, cha kwanza cha mwanzo. Kwa hiyo usikojoe getini mwa hospitali. Usaha ukiwepo, hufutwa kwa pamba ndogo na kuangaliwa kwenye hadubini. Omba pia kipimo cha VVU na cha kaswende siku hiyohiyo. Muda wa dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio, ambao ni saa 72, umeshapita kwako. Basi pima sasa, urudie ikifika miezi 3 tangu siku ile.

Altrasaundi yenye dopla huonyesha damu inavyopita. Kwenye epididimaitisi damu huongezeka, kwenye korodani iliyojisokota hupungua au hukosekana. Ni kipimo kizuri, lakini daktari akiona dalili zote za kujisokota hasubiri mashine, anafungua. Kwako kina kazi nyingine: kuangalia kama jipu limeshajitengeneza.

Matibabu yanayotumika kwa mtu wa umri na historia yako ni dawa mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni sindano moja ya seftriaksoni kwenye msuli wa tako, miligramu 500, na vituo vingine hutoa gramu 1. Ni kwa ajili ya kisonono. Inauma, ndiyo maana huchanganywa na dawa ya ganzi. Ya pili ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, kwa ajili ya klamidia. Hesabu mwenyewe: siku 10 ni vidonge 20, siku 14 ni 28. Ukipewa vidonge 14 ujue dozi haijatimia, rudi dirishani uulize. Maumivu huanza kupungua siku ya tatu, na hapo ndipo wengi huacha na kumgawia rafiki zilizobaki. Kumeza hadi mwisho ndiyo tiba yenyewe.

Doksisaiklini ina adabu zake. Imeze umesimama au umekaa, na glasi nzima ya maji, usilale kwa nusu saa. Ikikwama kooni huunguza mrija wa chakula hadi ukashindwa kumeza ugali. Ikikupa kichefuchefu, imeze baada ya kula. Usiimeze pamoja na chai ya maziwa, mtindi, dawa za kiungulia wala vidonge vya kuongeza damu, acha saa 2 katikati, kwani hushikana navyo na kupita bila kuingia mwilini. Tena hufanya ngozi iungue na jua haraka. Vaa kofia na mikono mirefu.

Kwa maumivu na uvimbe, ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku chache, ikiwa huna vidonda vya tumbo wala tatizo la figo. Ukiwa navyo, tumia parasetamoli gramu 1, yaani vidonge 2 vya 500, kila baada ya saa 6, usizidishe gramu 4 kwa siku. Lala siku 2 za kwanza. Ukiwa kitandani, kunja taulo, liweke chini ya mfuko wa korodani liunyanyue; uzito ukiondoka, maumivu hupungua kwa kiasi kikubwa. Ukiamka vaa chupi ya kubana, si bukta inayoning'inia. Baridi inasaidia: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15, kisha pumzika saa 1 au 2 kabla ya kurudia. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Kunywa maji ya kutosha. Pombe iache hadi dawa ziishe.

Saa 72 baada ya kuanza dawa sahihi lazima uone tofauti: homa imeshuka, maumivu yamelegea. Usipoona, rudi. Pengine kuna jipu la kutoboa, pengine mdudu ni mwingine, pengine ugonjwa si huu. Usikae hata hizo saa 72 ukiona ngozi ya mfuko inageuka nyeusi au zambarau, inatoa harufu au maumivu yanasambaa haraka kwenda msambani, hasa mwenye kisukari. Au umeshindwa kukojoa. Au unatapika kila unachomeza. Au maumivu yameruka ghafla kuwa makali kuliko mwanzo. Au homa inakuchanganya akili. Hayo ni ya kulazwa. Lakini usiogope kama ugumu fulani utabaki nyuma ya korodani wiki 2 hadi 6 huku maumivu yamekwisha. Uvimbe hunywea polepole. Ukipita wiki 6 bado upo, au ukipapasa ukakuta kinundu kigumu kwenye korodani yenyewe kisichouma, rudi upigwe altrasaundi. Saratani ya korodani huwapata hasa vijana, na mara nyingi huanza kimya namna hiyo.

Jumatatu usipande. Hakuna sindano ya kukupandisha hadi kambi ya Shira ukiwa bado na ugonjwa huu, na anayekuahidi hiyo anakudanganya. Ukibeba kilo 20 kwenye mteremko ukiwa na korodani iliyovimba utaongeza uvimbe, na ikitokea jipu ukiwa kambi ya Barafu, ni saa nyingi za kubebwa kwenye machela kabla ya kuona daktari. Tunajua maana ya kukosa safari msimu ukiwa umechanganya, na kwamba nafasi yako itachukuliwa na mwingine siku hiyohiyo. Mwombe daktari karatasi ya mapumziko, mpelekee anayepanga wapagazi mapema ili apate mtu na wewe ubaki kwenye orodha. Si lazima karatasi itaje ugonjwa. Kwa makadirio yetu ni wiki 2 chini kabisa, na usirudi kabla dozi haijaisha na hujaweza kuchuchumaa na kunyanyua ndoo ya lita 20 bila kuuma.

Sasa mke wako. Dawa kwenye uji, hapana. Tunakuelewa unaogopa nini, lakini sikiliza inavyofanya kazi. Doksisaiklini uliyopewa wewe haitolewi kwa mjamzito wa miezi 5. Inaweza kuathiri meno na mifupa ya mtoto. Yeye hutibiwa kwa dawa nyingine, kwa kawaida azithromaisini gramu 1 mara moja, pamoja na sindano ya seftriaksoni, na sindano haiwekwi kwenye uji. Hujui kama ana mzio. Kisha wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote. Hali yake utaijua kwa kumpima tu. Akiachwa hivyo, mdudu anaweza kuharibu mirija ya uzazi, na wakati wa kujifungua akaingia kwenye macho ya mtoto, au kwenye mapafu. Na mkeo akiwa na ugonjwa bado, utakapopona atakurudishia, mwezi ujao ukaniandikia barua ileile.

Mwambie. Usimwambie ukiwa barabarani wala kwa simu, wala mbele ya mama mkwe. Maneno machache yanatosha: "Nimekutwa na ugonjwa wa kuambukizwa kwa ngono. Nilikosa, wiki 3 zilizopita. Unahitaji kupimwa na kutibiwa kwa ajili yako na mtoto, nami nitakwenda nawe." Usijitetee wakati huo, mwache aseme. Ukishindwa kabisa kufungua mdomo, nenda naye kliniki ya wajawazito na umwombe mhudumu mapema, faraghani, awaite wote wawili chumbani na kukusaidia kulieleza. Wao wamezoea mazungumzo haya kuliko mchungaji au shehe wako. Usiingie kwenye mtego wa kusema amekuambukiza yeye. Mwenzi yeyote wa siku 60 kabla ya dalili anatakiwa atibiwe, kwa hiyo na yule wa Arusha apigiwe simu, hata kama hamkukusudia kuonana tena. Yeye naye ana kizazi chake. Msikutane na mkeo kimwili hadi wote wawili mmalize dawa, siku 7 zipite tangu yeye atibiwe, na wewe huna dalili.

Kwa wasomaji wengine, kwani ugonjwa huu si wa ujana peke yake. Mzee aliyezidi miaka 35, na hasa mwenye tezi dume iliyokua, aliyewekewa mpira wa mkojo karibuni au anayekojoa kwa kujikamua, mara nyingi hupata epididimaitisi kutokana na wadudu wa utumbo kama E. coli. Kwake dawa huwa ya jamii nyingine, kama levofloksasini miligramu 500 mara moja kwa siku kwa siku 10, na kinachozuia mkojo kitafutwe, la sivyo unarudi. Tafadhali msimshuku baba kwa zinaa kwa sababu tu korodani imevimba. Wafugaji wa Monduli, Longido na Simanjiro wamwambie daktari kama wanakunywa maziwa mabichi au wamezalisha mbuzi kwa mikono mitupu: bruselosisi ipo kwenye mifugo ya kaskazini, huja na homa inayokwenda na kurudi, jasho na maumivu ya mgongo na viungo, na hukaa pia kwenye korodani. Tiba yake ni kama wiki 6, na zile siku 10 hazimalizi kitu. Uvimbe unaokua kwa miezi, mgumu wenye vinundu, usiouma sana, na hasa ukitoboka kwa nyuma na kutoa majimaji, ni wa kupimwa kifua kikuu hata kama hukohoi. Kifua kikuu cha huko hutibika kwa miezi 6, dawa ni zilezile za mapafu.

Umeuliza kuhusu utasa. Upande mmoja ukitibiwa mapema, wa pili unaendelea na kazi, na wanaume wengi huzaa kama kawaida. Hatari ni kovu: mrija ule mwembamba ukiungua kwa muda mrefu huziba, na ukiziba pande zote mbili mbegu hazina pa kupita. Ndiyo maana siku 4 ulizokaa na mizizi zinatuuma. Usikimbilie kupima mbegu mwezi huu, kwa sababu homa yenyewe huzipunguza na matokeo yatakutisha bure. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa, kisha siku kadhaa kupita kwenye epididimisi. Ngoja miezi 3 tangu umalize dawa, kaa bila kumwaga kwa siku 2 hadi 7, ndipo upeleke sampuli, nayo ifike maabara ndani ya saa 1 ikiwa imehifadhiwa kwenye joto la mwili, mfukoni mwa shati la ndani, si kwenye begi.